Kebo Mbili, Kasi Ileile: Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu Kwenye Bondi ya Seva ya Nyumbani

Seva yako ya kuhifadhia mafaili ina matundu mawili ya mtandao kwa nyuma. Umechomeka kebo zote mbili kwenye swichi, umeingia kwenye menyu ukaziunganisha ziwe bondi moja, kisha ukaanza kunakili video ya gigabaiti 40 kutoka kwenye kompyuta ya mezani. Kasi inapanda mpaka megabaiti 112 kwa sekunde na kugota hapo. Jana, kwa kebo moja, ilikuwa hiyohiyo. Ukianza sasa kubadili kebo, swichi na mipangilio kwa kubahatisha, utamaliza wikendi nzima ukisaka kosa ambalo huenda halipo.

Megabaiti 112 ndiyo kikomo cha kebo moja ya gigabiti. Biti milioni 1,000 kwa sekunde, ukiondoa vichwa vya pakiti, zinabaki kama milioni 940. Gawanya kwa nane, upate kati ya megabaiti 110 na 117 kutegemea programu inavyohesabu. Na kompyuta yako ya mezani, uliyokuwa unanakili kutoka kwake, ina kebo ngapi? Moja. Hata seva ingekuwa na kebo kumi, kompyuta hii moja haiwezi kusukuma zaidi ya kebo yake inavyoruhusu.

Lakini tuseme nayo ina kebo mbili. Bado kasi ingebaki palepale, na hapa ndipo watu wengi hukataa kuamini. Bondi ya kawaida haichukui mazungumzo moja na kuyagawa nusu kwa nusu. Kila mazungumzo, yaani kila muunganisho kati ya programu ya upande huu na programu ya upande ule, hupewa kebo moja na kubaki humo mpaka mwisho. Sababu ni mpangilio: pakiti zikipita njia mbili, nyingine zitazitangulia zenzake, na TCP ikiona pakiti zimefika ovyo hudhani kuna zilizopotea, hupunguza mwendo na kuomba zitumwe tena. Benki ikifungua dirisha la pili, mteja mmoja hahudumiwi haraka zaidi. Foleni ndiyo inayopungua.

Teknolojia yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya foleni. Kiwango cha LACP, yaani utaratibu ambao seva na swichi hutumia kukubaliana juu ya bondi, kilipitishwa na IEEE mwaka 2000 kwa jina la 802.3ad, na tangu 2008 kiko chini ya 802.1AX, ingawa menyu nyingi bado zinaandika jina la zamani. Walengwa walikuwa ofisi zenye seva moja na watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Nyumbani utafaidika nayo ikiwa kweli kuna wengi: wawili wanahariri video za harusi, televisheni inacheza filamu, na kamera za geti zinaandika usiku na mchana. Faida ya pili ni kwamba kebo moja ikifa, nyumba haishtuki.

Kwa hiyo jiulize kwanza umeona nini hasa. Kama lalamiko lako ni kwamba kompyuta moja haizidi megabaiti 112, ruka mpaka mwisho wa mwongozo huu. Kama ni kwamba watu wawili wakinakili kwa pamoja kila mmoja anapata nusu, au seva inapotea na kurudi, au ukichomoa kebo moja kila kitu kinakufa, endelea nami.

Anza na waya

Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Waya mmoja ukikatika ndani ya plagi, kadi na swichi mara nyingi hukubaliana kimyakimya kushuka mpaka 100, na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Kwa LACP hili lina uzito wa pekee, kwa sababu poti zenye kasi tofauti hazikubaliwi kwenye kundi moja. Poti iliyoshuka huwekwa kando, na unabaki na bondi ya kebo moja bila kuambiwa.

Ingia kwenye seva kwa SSH, andika `ip link` ujue majina ya poti zako (mara nyingi ni eth0 na eth1, au majina marefu kama enp3s0), kisha `sudo ethtool eth0`. Tafuta mstari wa Speed. Usome 1000Mb/s, na Duplex iwe Full. Rudia kwa poti ya pili. Halafu `ip -s link show eth0` ikuonyeshe hesabu ya makosa kwenye safu ya errors. Namba ndogo iliyotulia haina neno. Inayopanda wakati unanakili inakuambia kebo, plagi au tundu lina kasoro. Badilishana kebo hizo mbili: makosa yakihama pamoja na kebo, itupe, yakibaki palepale, tazama tundu la seva au la swichi.

Kebo za bei poa zinazouzwa kwa mita nyingi ni za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ndiyo hiyo. Kwa mita mbili tatu inaweza kukuvumilia, lakini alumini huvunjika upesi ikikunjwa, na nyuma ya kabati la seva kebo hukunjwa sana. Kwa kazi hii nunua kebo fupi za shaba tupu, Cat5e au Cat6, zilizofungwa plagi kiwandani.

Soma seva inavyosema

Kwenye mfumo wowote wa Linux, ukiwemo DSM ya Synology, OpenMediaVault na TrueNAS SCALE, kuna faili moja linalomaliza ubishi. Andika `sudo cat /proc/net/bonding/bond0`. Usiache sudo, maana bila hiyo sehemu kubwa ya habari za LACP hufichwa. Utapata maandishi marefu, lakini yanayokuhusu ni haya:

Bonding Mode: IEEE 802.3ad Dynamic link aggregation
Transmit Hash Policy: layer2 (0)
Number of ports: 1
Partner Mac Address: 00:00:00:00:00:00
Slave Interface: eth0
Speed: 1000 Mbps
Link Failure Count: 0
Aggregator ID: 1
Slave Interface: eth1
Speed: 1000 Mbps
Link Failure Count: 14
Aggregator ID: 2

Hii ni bondi mgonjwa, na ugonjwa wake umeandikwa waziwazi. Anza na anwani ya mwenza, yaani swichi. Sufuri tupu maana yake seva inatuma salamu za LACP na hakuna anayeitikia. Ama swichi haijui LACP, ama kundi limetengenezwa kwenye swichi kwa njia tuli isiyotumia LACP, ama, na hili hutokea kuliko watu wanavyokiri, umechomeka kebo kwenye tundu la 5 na 6 huku kwenye menyu umeunganisha 7 na 8. Hesabu matundu kwa kidole.

Angalia sasa Aggregator ID. Poti zote mbili zinatakiwa kuwa na namba moja, na Number of ports iseme 2. Namba zikitofautiana, kila poti iko kwenye kundi lake, na kundi moja tu ndilo linalofanya kazi. Ikiwa anwani ya mwenza ipo lakini chini ya eth0 ni moja na chini ya eth1 ni nyingine, kebo zako zinaishia kwenye vifaa viwili, pengine moja kwenye swichi na nyingine kwenye ruta. LACP ya kawaida haikubali hilo. Kebo zote ziende kwenye kifaa kimoja.

Link Failure Count ya 14 kwenye eth1 inakwambia poti hiyo imekatika na kurudi mara kumi na nne tangu bondi iwashwe. Rudi kwenye waya.

Wenye TrueNAS CORE wako kwenye FreeBSD, hawana faili hilo. Wao waandike `ifconfig lagg0` na watafute maneno ACTIVE, COLLECTING, DISTRIBUTING mbele ya kila poti. Poti isiyo na yote matatu haimo kazini.

Swichi yako ni ya aina gani?

Swichi zisizo na menyu yoyote haziwezi kuunda kundi. Swichi za bei ya kati zenye menyu ndogo mara nyingi zina kundi tuli peke yake, bila LACP, hata kama boksi limejaa maneno mazuri. Zinazofaa ni zile ambazo menyu yenyewe inataja LACP au 802.3ad. Jina la ukurasa hutofautiana: LAG, Port Channel, Trunk, Bonding. Angalia tu kwamba kwenye Cisco, Trunk ni habari ya VLAN, siyo hii.

Aina ya bondi kwenye seva lazima ilingane na uwezo huo. Kama swichi yako haina menyu, zipo aina tatu zisizohitaji msaada wake: active-backup, ambamo kebo moja hufanya kazi na nyingine husubiri ya kwanza ife; balance-tlb; na balance-alb, ambayo Synology huiita Adaptive Load Balancing. Aina za balance-xor na balance-rr zinataka kundi tuli kwenye swichi. 802.3ad inataka LACP pande zote mbili.

Ukizichanganya, dalili ni za kuudhi. Weka balance-rr kwenye swichi isiyo na kundi, na swichi itaona anwani moja ya MAC ikitokea tundu la 3, mara tundu la 4, mara tena la 3, na itakuwa inafuta na kuandika upya jedwali lake bila kupumzika. Wewe utaona ping inakwenda vizuri, mara inakatika, mara inarudi. Faili linaanza kunakiliwa kwa kishindo kisha linaganda. Ukiona tabia hiyo, chomoa kebo moja. Mambo yakitulia papo hapo, pande mbili hazijaelewana.

Kati ya kundi tuli na LACP, mimi huchagua LACP kila inapowezekana. Kundi tuli huamini taa tu: tundu likiwaka, linatuma. Ikiwa katikati kuna kifaa kingine, mathalani kigeuzi cha kebo ya nuru, taa itaendelea kuwaka hata upande wa pili ukiwa umekufa, na nusu ya mazungumzo itapotelea humo. LACP hutuma salamu kila baada ya sekunde 30 na kuiacha poti baada ya sekunde 90 za ukimya. Ukiweka kasi ya fast, salamu huwa kila sekunde na poti huachwa baada ya sekunde 3.

Jambo moja dogo linalowasumbua wenye VLAN: ukishaunda kundi, swichi nyingi hulihesabu kama tundu jipya kabisa, na huliweka kwenye VLAN ya 1. Bondi itaonekana nzima, namba zote sahihi, lakini hata ping haitoki. Ingia kwenye ukurasa wa VLAN, ulipe kundi uanachama uleule uliokuwa kwenye matundu ya awali.

Nani anachagua kebo?

Tufike sasa kwenye lalamiko la kawaida kuliko yote miongoni mwa wenye bondi nzima. Namba zimekaa sawa, poti mbili ziko kundi moja, lakini watu wawili wakinakili pamoja wanagawana kebo moja huku ya pili ikiwa haina kazi.

Tazama tena mstari wa Transmit Hash Policy. Kwa kawaida husomeka layer2. Maana yake, seva huchagua kebo kwa kuangalia anwani za MAC tu: huchukua tarakimu za mwisho za anwani yake na za mpokeaji, huzilinganisha biti kwa biti, kisha hugawa jibu kwa idadi ya kebo na kutazama salio. Kwa kebo mbili, kinachoamua ni kama namba ni shufwa au witiri, basi. Chukua seva ambayo MAC yake inaishia na 10, laptopu inayoishia na 3A, na kompyuta ya mezani inayoishia na 5C. Kwa hesabu za msingi wa 16, A ni kumi na C ni kumi na mbili, kwa hiyo zote tatu ni shufwa. Jibu la seva na laptopu ni shufwa, na la seva na kompyuta ya mezani ni shufwa vilevile. Wote wawili wanapewa kebo ya kwanza. Kesho nao watapewa ya kwanza. Hakuna bahati nasibu hapa. Kwa kanuni hii, mpaka ubadili kadi ya mtandao, hawa wawili wataendelea kusongamana.

Hali huwa mbaya zaidi kama watumiaji wako nyuma ya ruta, kwenye mtandao mwingine. Kwa seva, MAC ya wote hao ni ile ya ruta, kwa hiyo wote huingia kebo moja, wawe wawili au ishirini.

Dawa ni kubadili kanuni. layer2+3 huongeza anwani za IP kwenye hesabu. layer3+4 huongeza namba za poti za TCP, kwa hiyo hata mazungumzo mawili ya kompyuta moja yanaweza kuangukia kebo tofauti. Kwenye Ubuntu yenye netplan mstari ni `transmit-hash-policy: layer3+4`, chini ya parameters za bondi. Kwenye Debian, ndani ya /etc/network/interfaces, ni `bond-xmit-hash-policy layer3+4`. TrueNAS SCALE ina sehemu yake kwenye ukurasa wa kuhariri bondi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo maelekezo mengi huisahau: kila upande huchagua kebo kwa ajili ya kile unachotuma wenyewe. Kanuni uliyoibadili kwenye seva inatawala mafaili yanayotoka kwenye seva. Yanayoingia yanaamuliwa na swichi, kwa kanuni yake yenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta kusoma kumepona na kuandika bado kumebanana vilevile. Ingia kwenye menyu ya swichi utafute kanuni ya mgawanyo; kama inaruhusu IP, chagua IP, na kama inaruhusu poti, chagua poti. Swichi nyingi za nyumbani zina MAC tu na hakuna la kubadilisha. Hapo umefika mwisho wa uwezo wa kifaa, usilaumu mipangilio yako.

Kupima bila kujidanganya

Usipime bondi kwa kunakili mafaili. Unapofanya hivyo unapima diski, kichakataji, programu ya kugawia mafaili na mtandao kwa mkupuo, na ukipata namba ndogo hujui umkamate nani. Tumia iperf3, ambayo husukuma data tupu kutoka kumbukumbu ya upande mmoja kwenda ya pili.

iperf3 ina mtego wake. Ikiwa umeiwasha kwenye seva kwa `iperf3 -s`, humhudumia mteja mmoja kwa wakati. Wa pili huambiwa seva ina shughuli ajaribu baadaye. Kwa kuwa unataka wawili pamoja, fungua madirisha mawili kwenye seva: la kwanza `iperf3 -s -p 5201`, la pili `iperf3 -s -p 5202`. Kwenye kompyuta ya kwanza andika `iperf3 -c 192.168.1.10 -p 5201 -P 4 -t 30`, ukiweka IP ya seva yako, na kwenye ya pili vivyo hivyo kwa 5202. Bonyeza kwa pamoja. Kisha rudia yote ukiongeza `-R` mwishoni, ili sasa seva ndiyo itume. Bila -R unapima uamuzi wa swichi. Ukiwa na -R unapima uamuzi wa seva. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye kebo, siyo Wi-Fi.

Kila kompyuta ikipata kama megabiti 940, bondi inagawa vizuri. Zikipata kama 470 kila moja, zimepangwa kebo moja. Ile `-P 4` inafungua mazungumzo manne, na nimeiweka kwa makusudi: kwa layer3+4, mazungumzo mawili yana uwezekano wa nusu kwa nusu kuangukia kebo moja, na jaribio moja bovu lingekufanya ulaani bondi isiyo na hatia. Wakati jaribio la -R linaendelea, andika `ip -s link show` kwa kila poti mara mbili tatu. Baiti za TX zikipanda kwenye zote mbili, kebo zote ziko kazini. Ushahidi huo unashinda taa za kumetameta.

iperf3 ikitoa namba nzuri na mafaili bado yakinakiliwa kwa kusuasua, achana na mtandao. Diski moja ya kuzunguka ya kisasa husoma faili kubwa kwa megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde ikiwa peke yake. Watu wawili wakisoma mafaili mawili tofauti, kichwa cha diski huruka huku na huku na kasi hushuka vibaya. Kuongeza kebo hakumponyi mgonjwa huyo.

Jaribu pia kifo. Anzisha ping kwenda kwenye seva, chomoa kebo ya kwanza, hesabu pakiti zilizopotea. Moja au mbili ni kawaida. Irudishe, subiri dakika nzima, kisha chomoa ya pili. Wengi hujaribu kebo moja tu wakaridhika, halafu siku inayokufa ni ile nyingine.

Kama uliwahi kubadili MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kuwa 9000 ukitafuta kasi, pima kwa `ping -M do -s 8972` ukifuatisha IP ya seva (baiti 28 zilizobaki ni vichwa). Ping ndogo zikipita na hii ikigoma, kuna kifaa njiani kisichokubali pakiti kubwa, na ndicho kinachogandisha kunakili kwako. Rudisha 1500 kila mahali. Faida ya 9000 kwenye gigabiti ya nyumbani ni ndogo mno kwa usumbufu wake.

Seva imepotea

Umebonyeza kuhifadhi, ukurasa umezunguka, seva haionekani tena. Kabla ya kuhamaki, tazama kwenye ruta orodha ya vifaa vilivyopewa IP. Bondi huchukua MAC ya poti yake ya kwanza. Kama ulikuwa umetenga IP kwa MAC ya poti nyingine, seva iko hai kwa anwani mpya, na huenda unagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Jambo jingine la kutazama, ukishaingia, ni kama IP ya zamani imebaki kwenye eth0. IP ikae kwenye bond0 peke yake. Ikiwa kwenye zote mbili, majibu yatatoka mlango usio wake.

Ili usifike huko, fanya kazi na kebo moja tu ikiwa imechomekwa. Weka bondi kwenye seva kwanza, kwa sababu LACP ya Linux isipojibiwa kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa poti moja, ilhali swichi nyingine zikiwekewa kundi la LACP na kukosa jibu hufunga matundu hayo. Kisha weka kundi kwenye swichi, ukiwa umekaa kwenye tundu lisilo la kundi hilo. Kebo ya pili iwe ya mwisho kuchomekwa. TrueNAS hukupa sekunde 60 za kuthibitisha mabadiliko, na usipothibitisha hurudisha ya zamani, kwa hiyo ukifungiwa nje kaa kimya, ngoja. Synology ina kitundu cha reset kwa nyuma: bonyeza kama sekunde 4 mpaka usikie mlio mmoja, mipangilio ya mtandao na nywila ya msimamizi vitarudi vya mwanzo, mafaili hayaguswi. Usiendelee kushikilia baada ya mlio huo.

Ipo hitilafu moja ambayo nyumba zetu huifahamu vizuri. Bondi imefanya kazi miezi miwili, umeme ukakatika, ukarudi, na sasa seva imepooza. Hakuna kilichoungua. Swichi nyingi zenye menyu hutunza mipangilio unayoitumia kwenye kumbukumbu ya muda, na kitufe cha Apply hakiiandiki kwenye kumbukumbu ya kudumu. Upo ukurasa mwingine, mara nyingi umeandikwa Save Config au Save Configuration, na usipoupitia, swichi ikizimika inarudi ilikokuwa kabla yako. Ihifadhi leo. Pakua na nakala ya mipangilio uiweke mahali ambapo si kwenye seva hiyohiyo. Na kama una UPS ya seva, chomeka na swichi humo humo, maana seva iliyo hai kwenye swichi iliyokufa haimsaidii mtu.

Wewe uliyetaka kasi ya mtu mmoja

Kwa kompyuta moja inayotaka kuvuka megabaiti 112, njia zipo, ila bondi peke yake si mojawapo. SMB Multichannel, iliyokuja na SMB 3.0 kwenye Windows 8 na Windows Server 2012, hufungua mazungumzo kadhaa kwa faili moja na kuyatandaza kwenye kadi zote zilizopo. Samba huiwasha yenyewe tangu toleo la 4.15. Inataka kompyuta nayo iwe na kadi mbili, na upande wa seva uvunje bondi, kila poti uipe IP yake kwenye mtandao wake. Thibitisha kwenye Windows kwa amri ya PowerShell `Get-SmbMultichannelConnection`. Ikionyesha mistari zaidi ya mmoja, imeshika. Kwa NFS, Linux kuanzia 5.3 ina chaguo la nconnect: ukiunganisha diski kwa `nconnect=4`, mazungumzo yanakuwa manne badala ya moja, na layer3+4 inapata cha kugawa.

Lakini kuna suluhisho la kivivu, na ndilo ninalolipendekeza. Kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016 kilileta gigabiti 2.5 kwenye kebo ileile ya Cat5e, mpaka mita 100. Kadi moja kwenye kompyuta, moja kwenye seva, nazo zipo hata za kuchomeka kwenye USB, na kwa mazungumzo moja unapata kama megabaiti 280 kwa sekunde, zaidi ya diski yako ya kuzunguka inavyoweza kutoa. Kama vifaa hivyo viwili viko chumba kimoja, viunganishe kwa kebo moja kwa moja, uvipe IP za mtandao wa peke yake, na huhitaji kununua swichi mpya. Mwenye kompyuta moja na bondi ya gigabiti mbili aivunje bondi hiyo, atumie fedha ya swichi ya LACP kununua kadi hizo.